Baa ya Siku Moja ya Bo-ram

Bupyeong, Incheon
4 Desemba

Mpendwa dada Jeom-sun,

Mdogo wako Mal-rye anakusalimu sana. Goti linaendeleaje na baridi ya huko Dortmund? Shemeji Dieter bado anakohoa? Sisi huku miili ni mizima. Mgongo wangu uligoma baada ya kuchachusha kimchi ya mwaka, maana kabichi za safari hii zilikuwa kubwa ajabu na wa kunisaidia hakuwepo, ila sasa nasimama wima.

Uliuliza habari za binti yangu Bo-ram. Nimekawia kukujibu kwa sababu sikuwa na jema la kuandika, na leo pia sina.

Kazi yake unaijua: zile picha za kitambaa, ndefu kuliko basi, zinazotundikwa kwenye mahema ya waliofukuzwa kazi, wanaokesha mageti ya viwanda kudai haki yao, na kwenye nyumba zinazongoja kubomolewa. Tajiri gani atanunua picha ya mama aliyefukuzwa kiwanda cha majiko? Waliokuwa wakimlisha ni walewale anaowachora. Kila mmoja alichanga kidogo kila mwezi kwenye mfuko wa rangi. Mwaka huu wengi wameacha, si kwa uchoyo, hawana tu. Mwenye jengo naye akachoka kungoja: kodi ya chumba cha chini anachochorea ilipwe kufikia katikati ya Novemba, la sivyo atoe vitu vyake.

Basi tukafanya kama wafanyavyo wote huku wakikwama. Tukakodi baa ya Bwana Ma, pale karibu na stesheni, kwa siku moja. Tiketi huuzwa mapema, mwenye tiketi anakuja kula na kunywa, na faida ni ya mwenye shida. Dada, tiketi ziliisha zote! Nilikaanga chapati za vitunguu mpaka nywele zikanuka mafuta, huku naimba kama mwendawazimu. Nilijua mwanangu amenusurika.

Wageni walipoingia, walikuwa walewale. Watu wa hema la majiko, akina mama wanaofagia chuo, wale wa mtaa wa mlimani unaobomolewa. Sikuona sura ngeni hata moja. Na kila aliyemaliza sahani yake alitia mkono ndani ya koti akatoa tiketi zake mwenyewe, maana nao wana baa yao ya siku moja inayokuja.

Bwana Tak, yule mzee anayeongoza hema, alinijia akicheka. "Mama Bo-ram, usininunie! Nimemaliza chapati zako zote, sasa wewe ukose supu yangu? Mwisho wa mwezi ni zamu yetu."

Nikamvuta binti yangu kando. "Funga hilo boksi la hela, mwanangu. Waambie hela imeshapelekwa benki."

"Mama, wao walinunua zetu bila kuuliza," akasema, akanitazama kana kwamba nimemtuma kuiba. Akanunua kwa kila mmoja, na kila mmoja akamshukuru kwa mikono miwili.

Tulipofagia, ndani ya boksi mlikuwa na tiketi za baa za watu wengine na hela ya kumtosha Bwana Ma tu. Ndipo nilipoelewa, mjinga mimi. Hela ni ileile, tunapeana sisi kwa sisi wenye njaa, na kila ikizunguka mwenye baa na muuza bia wanaimega. Nilianza kucheka nikaishia kulia. Kusema kweli nililia tu.

Chumba kimekwenda. Bo-ram sasa anapanga vifurushi kwenye ghala, na vidole vyake vimevimba hata kijiko anakishika vibaya. Vitambaa vyake viko chini ya kitanda changu. Kile cha mwisho kina nyuso ambazo hazijatiwa macho, nami sithubutu kukikunjua.

Jumamosi iliyopita tulikwenda kwa Bwana Tak, maana tiketi tulikuwa nazo na chakula kingeoza. Supu ilikuwa nzuri, nisiseme uongo. Katikati ya kelele akamshika Bo-ram bega. "Msanii wetu huyu! Mwezi wa tatu tunatimiza miaka mitano pale getini. Utatuchorea kubwa kupita zote, au siyo?" Bo-ram akasema ndiyo, tena kwa kicheko, na meza zote zikapiga makofi.

Njiani nikamuuliza atachorea wapi.

"Sichori tena, mama. Lakini ningemwambiaje, na supu yake iko mdomoni?"



Dada, nakujua, ukifika hapa utakuwa umeshanyanyua pochi. Usitume kitu. Ukituma atanunua tiketi. Hata sasa ya wale wafagiaji imebandikwa kwenye friji, na mimi nimeshawaahidi kwenda kuwakaangia.

Msalimie sana shemeji, na mwanao Mi-ran na wanawe. Kaka Gil-su anakusalimu, na Bo-ram anakuamkia, mama yake mkubwa. Mbingu zikutunzie afya na zikupe usingizi mwema, maana huku umeadimika.

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Mal-rye