Inchi Mbili Juu ya Goti

Jumanne. Asubuhi mvua, mchana jua kali, na sasa kila kitu kinanuka. Matope ya barazani yananuka, marundo ya nguo yananuka, mimi mwenyewe nanuka.

Nimechoka mpaka naichukia sindano.

Naandika nyuma ya daftari la vipimo kabla mwanga haujaisha, maana jambo hili nisipolitapika hapa nitalitapika mbele za watu. Nalongo amekwenda zake. Miguu yangu imevimba, mgongo umekataa kunyooka, na tangu chai ya asubuhi sijatia kitu mdomoni. Nikijaribu kula naona kinyaa.

Yote hii ni sketi. Sketi, sketi, sketi! Tangu redio iirudie ile amri wiki iliyopita, kwamba nguo ya mwanamke isipande zaidi ya inchi tatu juu ya goti, wanawake wa Bugolobi nzima wamenihamia. Wa kwenye maghorofa wanakuja, wa viwandani wanakuja, walimu wa Kyambogo wanashuka kilima na mafurushi. Chumba changu kina cherehani mbili tu, yangu na ya Nalongo. Nalongo ni Mganda, mama wa mapacha, tumefanya kazi pamoja miaka sita na hatujawahi kununiana hata siku moja. Wiki hii tumenuniana mara nne.

Niseme ukweli. Amri ilipotangazwa, nilifurahi. Wallahi nilifurahi. Nilikaa pale kwenye kiti nikajiambia, Mama Rehema, kazi imekuja yenyewe mpaka mlangoni. Sikufikiria kwa nini imekuja. Leo nikikumbuka furaha ile natamani kujizaba kofi.

Nilijaribu kujipanga, isionekane kwamba nalalamika tu. Kila furushi nikalifunga kitambaa. Chekundu ni la leo, cheupe la kesho, kijani la siku Mungu atakapopenda. Kufika Jumamosi mafurushi yote yalikuwa na chekundu, kwa sababu kila mmoja anasema kesho anapita kwenye kizuizi cha askari kwenda kazini, na akishikwa nitamjibu nini mama yake. Halafu hapo hapo, huku anatetemeka, anaanza kunibembeleza. "Mama Rehema, acha nusu inchi tu, nisifanane na bibi yangu." Nusu inchi! Watu wameshika bunduki barabarani, yeye anapigania nusu inchi. Nilitaka kucheka nikashindwa.

Sketi yenye pindo nene ni rahisi, unafumua, unashusha, unapiga pasi. Isiyo na pindo inataka kipande cha kuongezea chini, na vipande viko wapi? Maduka ya vitambaa yamebaki rafu na vumbi. Nimewaongezea watu mapazia, nimewaongezea foronya. Uzi uliobaki ni mweusi peke yake. Mama mmoja leo ameondoka na sketi ya njano yenye ukingo wa shuka la bluu, imeshonwa kwa uzi mweusi, na akanishukuru. Miaka kumi na minane ya ufundi nimefika hapo.

Kipimo changu ni inchi mbili juu ya goti. Amri inasema tatu, lakini mimi naacha moja ya usalama, maana mkono wa askari hauaminiki. Wateja wangu wanajua. "Nipige mbili yako," wanasema, nami nawapiga mbili.

Sasa nieleze habari ya futi, ile kamba ya kupimia inayokaa shingoni mwangu siku zote.

Futi yangu haina mwanzo. Mwaka juzi kaa la moto liliruka kutoka kwenye pasi likaangukia ncha yake, ikaungua. Nikaikata kwa mkasi palepale kwenye mstari wa mbili, ili angalau iwe imenyooka. Nilikusudia kununua nyingine, lakini Mhindi aliyekuwa anauza vifungo na futi akafukuzwa nchini pamoja na wenzake wote, na aliyepewa duka lake anauza chumvi, siku akiwa nayo. Basi nikaizoea. Ncha yake inaanzia mbili, kwa hiyo ninachosoma napunguza mbili. Kiuno kikisomeka thelathini, nashona ishirini na nane. Nalongo naye amezoea. Hatufikirii tena, mkono unafanya wenyewe.

Sisi wawili tu ndio tunajua.

Leo asubuhi, saa nne hivi, wanawake saba wamekaa kwenye benchi na mimi nina pini nne mdomoni, akaingia Sajini. Huyu ni wa kwetu. Baba yake na baba yangu walikuwa kikosi kimoja zamani za Waingereza, mama zetu walikuwa wakipikiana chakula cha Idi, na suruali zake zote nashona mimi. Ananiita dada. Alinuka pombe ya waragi na nyama ya kuchoma, saa nne ya asubuhi.

"Dada," akasema, "sisi napima na kijiti, hawa wanawake nabisha sana. Wewe iko na ile ya kweli." Akanyoosha mkono akaivuta futi kutoka shingoni mwangu. Vidole vyake vilikuwa na mafuta. Vilinigusa hapa, chini ya sikio, na mpaka sasa nimeosha mara tatu lakini bado navisikia.

Nilikuwa na pini mdomoni. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa.

Lakini pini huchukua muda gani kutoa? Nilizitoa hata gari lake halijawaka. Nilijua palepale. Nilisimama na pini kiganjani nikalitazama likirudi nyuma, likakata kona, na nilichosikia moyoni kilikuwa ni nafuu kwamba ametoka. Wanawake saba walikuwa wananitazama. Nikaokota uzi wa katani, nikaupiga mafundo ya inchi inchi kwa kukadiria na upana wa kidole gumba, nikaendelea na kazi. Astaghfirullahi. Niliendelea na kazi!

Saa nane Nalongo akarudi kutoka kuchota maji, ndoo nusu, nusu nyingine imemwagikia miguuni.

"Bannange, jamani," akasema, "Robina wamemchukua."

Robina ni mpiga chapa, anakaa kwenye maghorofa na mama yake mjane. Msichana mpole, anayekuja kuchukua nguo yake na bado anakusaidia kufagia vipande. Sketi yake ya kijivu Nalongo aliimaliza asubuhi na mapema, Robina akaivaa hapahapa, nami nikaikagua kwa macho yangu kabla hajaondoka. Inchi mbili, barabara kabisa. Mchana alikuwa anatoka kazini kupitia kizuizi cha barabara ya Port Bell.

Nalongo alisimulia aliyoyaona. Walimsimamisha. Sajini akaweka ncha ya futi juu ya goti, akaivuta mpaka kwenye pindo, akasoma kwa sauti. Nne. Robina akasema hapana, fundi wangu amepima mbili. Wakacheka. Akasema tena. Mmoja akaipasua sketi kwa mbele kwa kisu cha bunduki, mpaka kiunoni, ili ajifunze, kisha wakampandisha lori pamoja na wengine.

Sikuhitaji kuambiwa zaidi. Ncha ya futi ni mbili. Ukiweka mbili gotini, sketi ya mbili inasomeka nne. Yaani kila sketi iliyotoka mkononi mwangu, kila mwanamke aliyenitegemea, kwa futi yangu mwenyewe ni mkosaji.

Nalongo naye alikuwa anaitazama shingo yangu tupu.  

Nilikwenda kule kwenye kizuizi. Hilo naliandika kwa sababu nilikwenda kweli, kwa miguu, nikiwa nimejifunga leso, njia nzima nikiyapanga maneno yangu. Nilipofika walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha lori. Mmoja alikuwa anatafuna mfupa, mafuta yanamchuruzika kidevuni, na mkono mwingine ameuzungushia futi yangu kama bangili. Mbele yao mama mtu mzima, wa umri wangu, amesimama ameinua pindo la gauni kidogo kwa vidole viwili, na macho yake yako mbali kabisa, kule ziwani. Walikuwa wanapima na kucheka, wanapima tena, wanabishana nani apime sasa. Ile ni kazi yangu. Kupima mwili wa mtu ni kazi ya heshima, unaomba radhi, unageuza uso, unataja namba kwa sauti ya chini asisikie mwingine. Miaka kumi na minane. 

"Dada!" Sajini akaita, uso umechanua. "Hii yako mzuri sana! Leo sisi nakamata mingi."

Nikafungua mdomo.

Nikamwambia nimekuja kuuliza kama suruali yake aitaka Ijumaa au Jumamosi.

Ndivyo nilivyosema. Akasema Ijumaa. Nikamshukuru, nikageuka nikarudi.

Nilimwogopa, ndiyo. Nikimwambia futi imekatwa, nimemwambia mbele ya vijana wake kwamba tangu asubuhi amekamata watu bure, na mtu wa namna ile hakosei. Atakayekuwa amekosea ni mimi. Atasema nilimpa futi mbovu makusudi. Hayo yote ni kweli, na hayaondoi ile ladha iliyoko mdomoni mwangu. Naona kinyaa nao, na naona kinyaa zaidi na huyu mwanamke aliyesema Ijumaa au Jumamosi.

Nikarudi nikafanya nini? Nikafumua. Sketi kumi na tisa zilizokuwa zimekwisha na zinangoja wenyewe, nilikaa nikazifumua pindo moja moja, nishushe zote mpaka gotini kabisa, ili zikipimwa kwa uongo wa futi yangu zipite. Nalongo alinitazama mpaka zikafika tano, ndipo akaweka mkasi chini.

"Nyabo," akaniambia, "wewe nashusha nguo za watu kwa sababu kamba fupi. Si useme tu kamba ni fupi?"

Nikamfokea. Nikamwambia ashone au aende. Mtu niliyekaa naye miaka sita, nimemfokea kwa kusema kitu ambacho nami nilikuwa nakisema moyoni tangu saa nne. Alishona mpaka muda wake, akaaga vizuri, akaondoka. Kuaga kwake vizuri kumeniuma kuliko kama angenitukana.

Halafu akaja mama yake Robina.

Alikuja peke yake, kabla ya magharibi, na bahasha ya magazeti kwapani. Ndani yake ile sketi ya kijivu. Kwenye kituo cha polisi walimruhusu kumpelekea binti yake gauni, akarudishiwa sketi. Nilidhani amekuja kunilaumu. Niliomba anilaumu. Akaitandaza juu ya cherehani yangu, imepasuka kutoka chini mpaka kwenye mkanda, pindo la Nalongo bado limenyooka pande zote mbili, akanishika mikono.

Akasema Robina ananisalimu. Akasema usiku huu hatalala nyumbani, lakini mkubwa wa kituo si mtu mbaya, amemwambia kesho asubuhi kabla waliokamatwa hawajapelekwa kwingine aje na fundi aliyeshona. Robina aivae tena sketi kwa pini, fundi aipime mbele ya mkubwa huyo na mbele ya Sajini. Ikiwa ni mbili, msichana anakwenda zake.

"Watakupa ile futi yao upimie," akasema. "Mimi nimewaambia, Mama Rehema hakosei. Utakuja, dada yangu?"

Futi yao! Yaani nisimame pale, niiweke ncha, nisome nne kwa mdomo wangu mwenyewe. Au nisome mbili, wote wakiona nne.

Nikamwambia nitakuja. Lilitoka hivyo tu, wala sikulipanga kama nilivyoyapanga yale ya mchana. Akalia kidogo, akakunja bahasha yake vizuri kana kwamba itafaa tena, akaniachia sketi, akaenda.

Tangu aondoke nimefanya jambo moja. Nimemwaga kopo la vifungo juu ya meza. Fundi hatupi kitu, kila siku Nalongo ananicheka kwa hilo. Chini kabisa, kati ya kulabu zenye kutu na vipande vya chaki, nimekiona. Kipande cha futi, urefu wa inchi mbili, upande mmoja umeungua na kukunjamana, upande wa pili umekatwa kwa mkasi, umenyooka. Namba moja bado inasomeka. Ukikiweka kwenye ncha ya futi yangu kitaingia mahali pake, na hata mtu asiyejua kusoma ataona.

Nimekifunga kwenye pindo la leso na kupiga fundo mara mbili. Suruali ya Sajini iko hapa kwenye kiti, imekatwa, haijashonwa. Nimeikunja nikaiweka chini ya sketi zote. Kabla ya kituo nitapita kwa Nalongo kumwomba radhi, na nimwambie kama sijarudi kufikia saa sita afunge mlango na azirudishe sketi kwa wenyewe, zote kumi na tisa.

Mwanga unakwisha lakini mwandiko bado unasomeka. Robina anangoja asubuhi. Nami nangoja.