Bibi, Wamenirudishia Damu Yangu

Bibi yangu,

Mola akupe nuru na nafasi huko uliko. Sisi huku Ladywood, kwenye nchi hii ya Waingereza, ni wazima. Lifti inaharibika kila inapotengenezwa, na kiti chako cha dirishani amekitwaa mwanangu Rahma, anakikalia kama amekirithi kwa hati.

Nakuandikia kwa sababu ya macho yangu. Ulipofariki yalikuwa makavu kama yametiwa mchanga, kila mstari niliousoma uliniunguza. Nawe uliniomba jambo moja tu: "Ukinisomea Yasini, nisomee mwenyewe, usiniwekee simu." Siku ya hitima yako nilifungua msahafu, nikasoma aya chache, herufi zikaanza kuogelea. Nikakuwekea simu, Bibi. Iliniuma kuliko macho yenyewe.

Baadaye daktari wa macho akaniambia kuna dawa nyingine: watanitoa damu yangu mwenyewe, watenge maji yake, wanitengenezee matone. Nikamjibu nitafikiria, na moyoni nimeshakataa. Damu? Machoni? Na mimi mtu wa kusali? Nilirudi nyumbani kwa basi nimenuna.

Humo ndani ya basi nikakumbuka kisa chako cha majipu, ulichotusimulia sisi wajukuu huku unachambua mchele. Ulikuwa msichana, Unguja. Daktari akakuvuta damu mkononi, na kabla haijaganda akakudunga nayo pajani. Tulicheka mpaka tukalala chini, tukidhani umetunga. Wewe hukukasirika. "Alinitoa huku akanitia huku. Sikupewa cha mtu."

Niliporudi kliniki nikamwuliza daktari wa macho. Kumbe ni kweli, Bibi! Zaidi ya miaka mia iliyopita madaktari wa Ulaya walikuwa wakifanya hivyo hivyo kwa magonjwa ya ngozi, wakiamini damu iliyorudishwa inauamsha mwili ujipiganie. Hata kabla yao, wapasuaji walishajaribu kumrudishia mgonjwa damu iliyomwagika wakati wa kumpasua, maana damu za watu zilikuwa hazijajulikana makundi yake, na ya mwingine ingeweza kumuua. Ila ile sindano ya majipu, akasema, haikuwahi kuthibitishwa, na pengine yako yalikuwa yanapona yenyewe. Najua ungembishia. Ningekushikia mkoba umalizane naye.

Sheikh wa msikiti wetu naye akanitoa wasiwasi: tiba ni tiba, ninawe uso nisali. Nikakubali.

Sasa chupa zangu ndogo zimo kwenye friza, juu ya sambusa. Unamjua Rahma, Kiswahili anakisikia chote ila kujibu ni kwa Kiingereza. "Mum, please don't fry them," akaniambia, eti nisije nikazikaanga. Matone yenyewe si mekundu, ni ya manjano hafifu, na yakiingia yanapoza. Wiki za mwanzo sikuona tofauti yoyote, nikaanza kukulaumu wewe na majipu yako. Kisha asubuhi moja nikaamka, nikafumbua macho, na hayakuuma.

Asante, Bibi. Daktari alieleza vizuri, na bado nilikuwa nimekataa. Kisa chako tulichokicheka ndicho kilichonikalisha kwenye kiti cha kutolewa damu nikanyoosha mkono. Muuguzi alipoingiza sindano nilicheka peke yangu, akaniuliza kama niko sawa. Nilikuwa sawa. Nilikuwa nakusikia wewe.

Ijumaa iliyopita nilikuja makaburini. Kulikuwa na manyunyu, nikaukinga msahafu kwa mtandio. Simu nilikuwa nimeizima, imo mkobani. Nikakusomea Yasini mwanzo mpaka mwisho, nikifuata kwa kidole kama ulivyonifundisha. Nilichelewa sana kutimiza ombi lako, lakini nimelitimiza.

Lala salama, bibi yangu. Nikijaaliwa nitakuja Ijumaa hii, na nyingine, kila nitakapoweza. Ukisikia nimenyamaza katikati ya aya, usidhani nimeondoka. Natia tone tu, kisha naendelea.

Mjukuu wako,
Salma