Flashi za Mama

Kibomet, Kitale
6 Februari 2025

Mpendwa Papa,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, ni baridi tu ya Kitale. Wewe hujambo? Presha ya Mama iko aje?

Asante kwa kuwashawishi majirani waingie kwenye majaribio yetu ya simu. Si unajua siku ya soko mtandao wa Bumula hulemewa? Programu niliyoandika inajifunza yenyewe simu ipi ipite kwanza na ipi ingoje. Ikifaulu hapo, namaliza shahada.

Binti yako,
Nasike

Bumula
27 Februari 2025

Nasike mwanangu,

Sisi hatujambo. Presha ya mama yako imeshuka, mdomo ndio haujashuka. Phanice wa duka anakusifu, ati siku ya soko sasa simu zinapita haraka. Mama yako yeye ni wa kuflashi tu. Akimtaka Hillary wa bodaboda, simu ikilia mara moja anakata, na Hillary anakuja. Anasema kupiga hadi ipokewe ni kazi ya wenye mishahara.

Papa wako,
Wangila

Bumula
10 Aprili 2025

Nasike,

Ulifika salama baada ya mazishi ya mama yako? Wageni wameondoka. Ng'ombe amezaa.

Jambo moja linanisumbua. Simu ya mama yako inaonyesha alimflashi Hillary tena na tena siku ile ya soko presha ilipompanda, mimi nikiwa shambani. Hillary alikuwa stejini akingoja abiria, simu mkononi. Anaapa haikulia. Wewe ndiye mtaalamu, niambie.

Papa wako

Kibomet
29 Mei 2025

Papa,

Natumai u mzima. Pole kwa kimya. Barua yako imekaa mezani wiki nyingi.

Nimechunguza. Programu ilijifunza kwamba simu zinazokatwa kabla ya kupokewa hazina haja, ikawa inaziweka mwisho wa foleni. Mama alingoja kidogo, akakata kama kawaida yake, kabla zamu yake haijafika. Akarudia, ikawa vilevile. Mimi nimelelewa kwa flashi, Papa, na sikuzifikiria.

Wakubwa wangu wanasema matokeo ni mazuri. Mimi silii. Napika, nakula, naosha sahani. Nitawaomba wauzime mtambo unaoendesha programu yangu, hata kama shahada itaishia hapo.

Nasike

Bumula
14 Agosti 2025

Nasike mwanangu,

Huku tu wazima. Mahindi yanakauka vizuri. Nilimsomea Hillary barua yako. Aliwasha pikipiki akaenda.

Nilikukasirikia, na hasira bado iko, sitakudanganya. Lakini usiuzime mtambo. Ukizimwa, tutarudi kule ambako siku ya soko hakuna simu ya mtu inayopita. Ufundishe kwamba sisi watu wa huku tunaflashi, na hatutaacha.

Leo ni siku ya soko. Kabla ya kuandika hii nimekuflashi kwa simu ya mama yako. Usinipigie. Niandikie tu kama ililia.

Papa wako