Pijo ya Baba, Moja kwa Kumi

Kiboriloni, Moshi
18 Januari 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na kile kikohozi cha vumbi la Sanya Juu kiwe kimekuacha. Sisi huku ni wazima, tena mimi ni mzima wa kupitiliza. Leo nina siku kumi na tisa za ndoa na bado kila nikiamka naangalia kidole nione kama pete ipo.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu yako haipatikani tangu ulipoondoka ukumbini kabla ndafu, yule mbuzi wa kuokwa mzima, haijakatwa. Dada Flavia amekubali kunibebea barua akija kuuza maharage hapa sokoni. Baba, sitaki kulirudia lile jambo. Ulimwuliza Ronald kazi yake, akasema anachomelea mageti na madirisha, na akipata nafasi anaunda magari madogo ya bati, ya kuweka mezani. Ukawageukia wajomba ukasema, "Nimemtoa binti yangu kwa fundi wa midoli." Alisikia. Hajanitamkia neno baya juu yako hata moja.

Jumapili alikuwa anatundika picha aliyoniachia marehemu Mama, ile ya siku ya ubatizo wangu, umesimama wima kando ya gari lako, ile Pijo. Akaishusha tena. Akauliza, "Hii Pijo nani aliifanya hivi?" Nikamwambia ni Baba mwenyewe, kwa mikono yake: alikata nyuma ya saluni ya 404, akaweka bodi ya mbao za mringaringa, akainua springi, akashusha paa, akatoboa nyota kwenye shoo ya mbele, ule wavu wa puani. Ronald akakaa kitandani na picha mapajani. Chai ikapoa. Halafu akasema, "Mke wangu, baba yako ni fundi kuliko mimi."

Anataka kuijenga upya, Baba, moja kwa kumi: kila sentimita kumi za gari ziwe sentimita moja. Kwa kuwa haikufanana na Pijo nyingine yoyote, na uliiuza mimi nikiwa na miaka miwili, hana pa kupata vipimo ila kwenye hiyo picha moja, nayo inaonyesha ubavu wa kushoto tu. Anaomba mambo mawili. Kimo chako, maana umesimama pale pale na gari, akijua urefu wako atajua na wake. Na ubavu wa kulia ulikuwaje.

Ikikamilika tungependa kukuletea wenyewe, sote wawili, kama utatupokea.

Binti yako,
Brenda


Sanya Juu
27 Januari 2024

Mwanangu Brenda,

Marahaba. Kikohozi kipo. Ng'ombe mweupe amezaa dume. Mvua hakuna.

Mtu mwenye mke anashika makopo badala ya mageti ya watu. Haya. Picha ya mama yako asiishike na vidole vya grisi.

Flavia atakupa ganda kavu la mgomba. Jirani yangu Wenseslaus alinisimamisha ukutani akalikata sawa na mimi, kisigino hadi utosi. Hicho ndicho kimo changu. Ringi zilikuwa za inchi kumi na tano, hilo naliapia. Ubavu wa kulia ulikuwa sawa na wa kushoto, asiulize tena.

Rangi siyo nyekundu. Ni damu ya mzee chini, maziwa juu. Akipaka nyekundu aitupe.

Juu ya kuja, sijasema kitu.

Baba yako,
Eliamini


Kiboriloni
17 Februari 2024

Baba yangu,

Shikamoo, na hongera kwa ndama. Sisi tunaendelea vizuri, ila mwenzako sina tena kopo ndani ya nyumba.

Baba, laiti ungeona! Ganda lako la mgomba limetundikwa kwenye msumari juu ya meza, na Ronald halipiti bila kulitazama. Kila Jumamosi mchana akifunga karakana anaketi hapo. Bati ni la debe la mafuta ya kupikia. Analigonga juu ya kipande cha mti kwa nyundo ndogo kama kijiko, tiki, tiki, tiki, na bati linapinda lenyewe kama linajua linakokwenda. Boneti ilipotokea nilikuwa nachambua mchele wa Mabogini. Niliinua macho tu, nikaikuta ile pua ya kwenye picha, ile ile, imetulia mezani. Ungo ukaniponyoka.

Kioo cha mbele ni chupa ya soda. Viti ni mkoba wangu wa zamani, alinibembeleza siku mbili. Nyota za shoo alizitoboa kwa sindano ya cherehani, kumi na moja, kama zako. Ya mwisho ilipofunguka akainua bati dirishani, mwanga ukapita, nyota kumi na moja zikaangukia shati lake. Baba, mimi nimeolewa na mtu wa namna gani? Nilipiga ishara ya msalaba, mimi Mlutheri, hadi akanicheka.

Anauliza nyota ya katikati ulitumia patasi gani, mbona ni nyembamba.

Binti yako mwenye furaha,
Brenda


Sanya Juu
24 Februari 2024

Mwanangu,

Marahaba. Tuko salama.

Siyo patasi. Ni msumari wa inchi tatu uliosagwa kwenye jiwe la kinu. Mwambie asage kwa maji, si kikavu, na apige kutokea ndani. Kama amehesabu nyota kumi na moja kwenye picha ndogo kama ile, basi macho anayo.

Bodi ya nyuma ilikuwa na mbao saba, siyo sita. Ya saba inafichwa na mguu wangu.

Eliamini


Kiboriloni
16 Machi 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Afya zetu ni njema. Kuandika leo ni kugumu, nimechana karatasi mbili.

Ronald amesimamisha kazi. Bodi imekwisha, mbao saba, imepakwa rangi na inang'aa hadi nachelea kuipumulia. Magurudumu aliyaacha mwisho. Akayachonga kwa ringi ya inchi kumi na tano kama ulivyoapa. Yakakataa kuingia kwenye madigadi. Akapima upya picha yote. Kwa kimo cha lile ganda, ringi inatoka inchi kumi na nne na kidogo. Yaani gari zima limetoka dogo kuliko lilivyokuwa.

Rafiki yake Lucky akasema, "Si uyasage magurudumu kidogo tu! Mzee hataona."

Ronald akasema, "Mimi nitaona."

"Basi mwambie mzee alikosea."

"Mzee hakukosea ringi. Dereva hasahau ringi yake."

Ndipo nikaelewa, Baba, na yeye akaona nimeelewa, tukabaki tunatazama lile ganda. Siku ile ya ubatizo wangu hukuwa na kimo hiki. Ulikuwa mrefu zaidi. Ronald alinikataza kukuandikia. Alisema, "Nani amwambie mzee kwamba amepungua? Tena mimi, wa midoli?" Anasema ni heri gari lisikamilike kuliko likuaibishe au likudanganye.

Nakuandikia mimi, kwa kuwa ni damu yako. Nisamehe. Je, kuna mahali popote kimo chako cha zamani kiliandikwa?

Binti yako,
Brenda


Kiboriloni
20 Aprili 2024

Baba,

Shikamoo. Wiki tano zimepita. Flavia anasema uliisoma ile barua umesimama, ukaikunja, ukaingia kihambani kwenye migomba na panga, na tangu hapo ukimwona unamuuliza bei ya maharage tu.

Mvua huku zinapiga sana. Gari liko juu ya kabati bila magurudumu, limefunikwa kwa kitenge changu. Ronald halifunui. Mimi nalifunua akienda kazini, nashangaa peke yangu, nalifunika.

Kama nimekukosea, nigombeze mimi. Yeye usimwongezee.

Brenda


Sanya Juu
4 Mei 2024

Kwa mkwe wangu Ronald,

Salamu nyingi kwako na mkeo. Mimi ni mzima, kahawa imechanua. Barua hii nakuandikia wewe. Brenda akitaka kusoma, asome baada yako.

Nimepekua masanduku mwezi mzima. Kadi yangu ya JKT ya mwaka 1975 nimeipata chini ya Biblia ya mama yake. Imeandikwa futi tano na inchi kumi. Ganda nililokutumia nimesikia lina futi tano na inchi saba. Inchi tatu zimeondoka bila kuaga. Nilikasirika, nikampima na Wenseslaus aliyenicheka. Naye hazipo mbili.

Ungesaga magurudumu ningejua. Ningelishika hilo gari mkononi, ningejua siyo langu, ningenyamaza, na ningekudharau hadi kaburini. Hukusaga. Kwa hiyo na mimi nitengeneze pale nilipokudanganya.

Ubavu wa kulia haukuwa sawa na wa kushoto. Siku ya kuzaliwa Brenda nilikuwa namkimbiza mama yake, Yuditha, hospitali, matope mengi, nikagonga nguzo ya geti la kanisa. Mlango wa dereva ukakunjamana. Nikapata mwingine kwenye Pijo iliyokufa, mlango wa kijani, kijani kama jani la mgomba mchanga. Nikachanganya rangi niupake. Yuditha akasimama mbele ya mlango na mtoto mgongoni akanikataza. Akasema, "Huu ni mlango wa Brenda. Ukiupaka, uupake na mimi."

Nikauacha. Lakini nilikuwa mtu wa kujisikia. Kila Jumapili niliegesha ubavu wa kulia ukutani nikashukia mlango wa abiria, watu wakadhani ni mbwembwe za mwenye gari. Hata siku ya picha niliuficha. Sijamwambia mtu, na mwenye mlango wake hajui.

Anza upya kwa futi tano na inchi kumi. Mlango wa dereva upake kijani. Usikimbilie, bati halipendi haraka.

Likikamilika, njooni wote wawili, Jumapili yoyote baada ya ibada. Nitawaita wajomba. Ukiliweka mezani, ubavu wa kulia uwatazame watu.

Baba yako,
Eliamini