Sahani ya Josefina

Bihambwe, Jumanne, 1962

Itangazwe kwa wakubwa na wadogo: leo kiti pekee cha dispensari yetu kimefariki chini ya makalio ya munganga wake, yaani mimi muuguzi. Watu wanalaumu tumbo langu. Haya.

Mama Josefina alimleta tena binti yake, aliyeanguka akikimbiza mbuzi shambani. Kilima kizima kinasema ni kifafa, kwa hiyo mtoto anakula kwa sahani yake peke yake, asiwaambukize ndugu zake. Kila mara wakinifikia, moyo wa mtoto umeshatulia. Leo niliukuta unadunda mbio hata kuuhesabu kukanishinda.

“Papa Munganga, hii njo kifafa?”

“Hapana, Mama. Moyo njo iko inakimbia.”

Hapo kiti kikavunjika. Josefina alicheka mpaka akakohoa, na nilipomsikiliza tena, moyo ulikuwa unatembea polepole.

Mama anasema nimemponya. Ukweli, sikufanya kitu. Kwa woga nilijitupa kitini, mtoto akacheka, moyo ukarudi wenyewe. Utatoroka tena, na dawa yake sina. Kesho watapanda lori, waende kwa daktari Goma.

Nilimwambia tu mama, Josefina ale sahani moja na wengine.

“Hata leo?”

Hata leo.