Wageni wa Baba Kirimi

Baba Kirimi,

Githeri iko kwa sufuria, pasha mwenyewe. Mbuzi ~~wapeleke malishoni~~ hapana, waache wote bandani.

Nimekimbia Embu. Ukiwa bado unakoroma, bili ya kodi ya ardhi imekuja: thamani ya ploti imepandishwa, na kodi sasa ni mara tatu. Tukishindwa, tutanyang'anywa, na sijui tutahamia wapi. Eti tuna nyumba ya wageni! Ni wewe, bwana mkubwa, ulimwonyesha mthamini banda la mbuzi ukaliita hivyo, naye akaandika.

Nitamsihi arudi leo, hata kwa magoti. Akifika, nakuomba, usijisifu. Mfungulie banda tu, wageni wako wamsalimie wenyewe.

Mama Kirimi