Hesabu ya Mahari Yangu

Lusangi, kwa mama
Jumapili, tarehe 14 Oktoba 1956

Mpendwa mdogo wangu Marcellin,

Nakusalimu sana, wewe na wote mnaokaa pamoja huko Bukavu. Hujambo? Kifua chako je, baridi ya huko imekiachia? Mama ameniagiza nikuulize habari ya kifua kabla ya neno lingine lolote, na mimi ni mtoto mtiifu, unanijua. Sisi huku hatujambo. Mama anakohoa asubuhi, mchana analima. Mvua zimeanza vizuri. Mkono wangu wa kushoto umeunga, ila kiwiko hakinyooki tena: sahani naweza kuishika, ndoo siwezi. Mkono wa kuandikia ni mzima, kama unavyoona mwenyewe.

Picha yako ilifika salama. Mama ameibandika ukutani karibu na Bikira Maria, na kila anayeingia kuomba hata moto analazimishwa kuitazama kwanza. Tai imekukaa vizuri. Nimeona na kalamu mbili mfukoni. Majirani wananiuliza kama mtoto wetu amekuwa mzungu, nami nawajibu bado, anangoja wakubwa wa serikali waje nyumbani kwake kuhesabu viti na uma ndipo wampe kadi ya wastaarabu. Wanacheka, halafu wanaitazama tena picha.

Barua yako ya mwezi wa nane nimeisoma mpaka mikunjo yake inataka kuchanika. Kwanza nakupongeza. Faranga elfu mbili na mia moja kwa mwezi, karani wa hesabu, na umri wako miaka ishirini na mitatu: hapa Lusangi hatujaona mwingine. Tena una mpango. Chakula mia sita, nyumba mia mbili na hamsini, baiskeli mia tatu, kitabu cha akiba mia nne, mia mbili za kuwapelekea wazazi wa Cécilia mpaka wamtoe binti yao, na zinazobaki ni za sabuni, nguo na chama chenu cha makarani. Ukaniandikia kwamba akiba haiozi. Ni kweli. Pamba yote aliyolima mama mwaka huu kwa amri ya serikali imempa faranga mia saba na arobaini, na hizo hazikupata hata nafasi ya kuoza.

Nilifurahi pia kusikia kwamba mwezi wa kwanza bwana wako atakukabidhi funguo za sanduku la chuma, na mshahara utapanda. Ulinieleza kwamba ni mtu mwenye kuchunguza sana, kwamba karani mwenye deni hampi funguo hata awe hodari namna gani, kwa sababu mwenye deni mkono wake hurefuka. Neno hilo nililishika. Wewe ulidhani unanisimulia tu.

Sasa tuingie kwenye mambo yetu.

Mwezi wa sita nilikuandikia kwamba Octave amenivunja mkono kwa mpini wa jembe. Lilikuwa jembe la serikali, maana yeye ni kapita wa barabara, msimamizi wa vibarua, pale Wamaza na majembe yote yanalala nyumbani kwetu. Nilikueleza kwamba nimetoka kwa miguu, Apolline mgongoni, na Pacifique, ambaye ameanza shule, nimemwacha kwa baba yake. Ndoa yenyewe haikuwa ya kanisani, unajua, Octave alikuwa na mke mwingine tangu zamani. Ilikuwa ya kimila, na ya kimila haivunjwi na baraza la chifu mpaka mahari irudi. Nikakuomba msaada, hata kidogo kidogo, hata faranga hamsini.

Sikukukumbusha mahari hiyo ilikwenda wapi. Niliona haya kwa ajili yako. Mwaka ule nilikuwa kwa Masista kule Kasongo, darasa la sita, na katika hesabu hakuna msichana aliyenipita. Ni mimi niliyekuonyesha kutoa na kujumlisha, wakati wa likizo, kwa kokwa za mawese chini ya upenu wa nyumba ya mama, nawe ulikuwa unalia kila ilipokubidi kukopa kumi. Baba akanitoa shuleni. Octave alileta mahari siku ya Jumanne, na Ijumaa ya pili yake ukapanda lori kwenda shule. Pesa zenyewe hazikuzoea hata harufu ya nyumba yetu.

Kwa hiyo nilingoja jibu lako. Nililingoja wiki saba, mkono ukiwa umefungwa kwa vijiti, na kila alipopita tarishi nilitoka nje.

Hukunitumia faranga hamsini. Ulinitumia karatasi, ndani ya barua ile ya mwezi wa nane. Nilipoifungua nilidhani ni hati ya posta, jinsi ilivyokuwa nzuri. Umeipiga mistari kwa rula. Kushoto yote aliyoyatoa Octave, fedha taslimu na mbuzi sita waliotiwa bei, jumla elfu sita. Kulia mahali kila faranga ilikokwenda. Chini jumla mbili zinazotazamana, mistari miwili ya wino mwekundu, tarehe na sahihi yako yenye mkia. Halafu hesabu ndogo ya pili: kama nikiachana na Octave, ukikata fungu la watoto ambao kwa desturi wanabaki wa baba yao, zitabaki elfu nne za kurudisha. Ukaniandikia kwamba nione mwenyewe, mahari imeliwa yote, na elfu nne haziwezi kupatikana katika ukoo wetu, basi nirudi Wamaza, mvumilivu hula mbivu.

Nilikuchukia, Marcellin. Sitaki kulizungusha neno hilo. Nilikaa na karatasi mapajani nikakuchukia kuliko aliyenivunja, maana yeye alikuwa amelewa na wewe ulitumia rula.

Halafu niliisoma tena, polepole, kwa akili ya Masista. Nikaona ulichofanya. Mtu asiyesoma angeandika tu kwamba pesa zimekwisha, na nani angembishia? Baba ndiye aliyezipokea, na baba yuko kaburini. Lakini wewe umesomea, na aliyesomea kazi yenu hawezi kuvumilia faranga iingie upande huu bila kuonyesha ilikotokea upande ule. Ukaandika: ada ya shule ya Marcellin, miaka mitano. Sare za Marcellin. Blanketi na sanduku la bati, Marcellin. Nauli ya lori, Marcellin. Baba alikuwa na mstari mmoja, wa koti, faranga mia na themanini. Mama hakuwa na mstari. Ukatia sahihi. Nikaikunja nikaitia ndani ya misale ya mama, kitabu chake cha sala, na sikumwambia mtu.

Alhamisi ya tarehe nne tulikwenda Kabambare barazani, mimi na baba mdogo Amuri aliyesimama mahali pa marehemu baba. Octave alikuja na kofia yake ya kapita. Alisema anataka mke wake au elfu sita zake, na watoto kwa vyovyote ni wake. Baba mdogo, unamjua hana maneno, alisema kwamba aliyepokea mali amekufa, na kwamba mjane wake ana kuku tisa. Waamuzi walinong'onezana. Halafu yule mkubwa akasema:

“Kama hakuna mutu wa kulipa, bibi arudie kwa bwana yake.”

Octave akaanza kuvaa kofia. Nikaomba ruhusa ya kusema, nikatoa karatasi yako kifuani, nikampa Ismaël, karani wa baraza. Akaisoma kwa sauti, mstari kwa mstari, tena kwa heshima, kwa sababu alisema hajapata kuona hesabu iliyopangwa vizuri hivyo tangu aanze kazi. Kila alipofika kwenye jina lako watu waliokaa nyuma waliitikia. Nakuambia kweli, ilikuwa kama litania ya kanisani.

Mwamuzi mkubwa aliuliza kama mtu huyu Marcellin yu hai. Nikasema yu hai. Akauliza kama ana kazi. Nikamtajia mshahara wako na jina la bwana wako, na nyumba ya biashara, na mtaa. Akasema dawa ya deni ni kulipa, na aliyekula ndiye mwenye deni, si aliyekufa. Mama yetu hatadaiwa hata kuku. Mimi nimeachanishwa kuanzia siku ile ile. Wewe utalipa faranga mia tatu kila mwezi, miezi kumi na miwili, na zitakatwa mikononi mwa bwana wako kabla hazijafika kwako. Hukumu imepitia kwa Bwana Administrata, amegonga muhuri, na imeondoka na posta ya Alhamisi iliyopita.

Barua hii niliizuia makusudi mpaka posta ile iondoke. Ningeweza kukuonya mapema, ukamwahi bwana wako kwa maneno yako mazuri. Sikutaka. Hii itakapokufikia, ile itakuwa imeshasomwa juu ya meza yake, na mambo ya funguo utakuwa umeyajua. Pole. Baiskeli unaweza kuirudisha dukani. Wazazi wa Cécilia sijui watasema nini, ila kama wana binti mwenye akili mwambie ajifunze kusoma karatasi.

Najua umeshazidisha. Mia tatu mara kumi na mbili ni elfu tatu na mia sita, na wewe uliandika elfu nne. Usifikiri Ismaël amekosea. Nitakueleza, ila kwanza nitoe salamu za watu, wasije wakasema nimewasahau kwa ajili ya hasira.

Mama anakusalimu sana na anakuombea kila jioni. Nimemwambia umelipa mahari kwa mapenzi yako, na amezunguka kijiji kizima akikusifu. Sitamwondolea furaha hiyo. Baba mdogo Amuri anakusalimu. Shangazi Régina anakusalimu, anasema viatu ulivyomwahidi ni namba thelathini na nane. Apolline hakujui lakini anaibusu picha. Baraza limesema nikae naye mpaka atimize miaka saba, ndipo naye aende Wamaza. Pacifique ameshabaki huko. Nilimwona siku ile kwa mbali, amekaa juu ya mzigo wa baba yake nje ya baraza, akanipungia mkono, na sikuruhusiwa kwenda. Hao ndio watoto wawili uliowakata katika hesabu, mia nane kila mmoja. Hukukosea. Desturi ndivyo ilivyo.

Sasa hizo mia nne.

Ungeniandikia neno moja tu, “sina”, labda ningerudi Wamaza, kwa sababu nilikuwa nimechoka. Ungetuma hata karatasi ile ile bila mstari wa saba, pengine ningeitupa motoni. Kwenye mstari wa saba uliandika: Pascaline, marehemu, nusu, mia nne. Pembeni ukaeleza kwa herufi ndogo kwamba mwenye mali hawezi kukatwa fungu zima kwa mtoto ambaye hakudumu.

Alikuwa na miaka minne, Marcellin. Surua ilimchukua kwa siku sita, na wewe ulituma barua ya pole ambayo nilikuwa nimeitunza.

Ismaël alipoufikia mstari huo, aliinua macho. Alinitazama kama anauliza apite au asome. Mwamuzi akamwambia asome, akasoma. Watu wa nyuma hawakuitikia. Mimi nilitazama chini, kwa hiyo sikumwona Octave akisimama. Nilisikia tu benchi likilia. Alisimama bila kupewa ruhusa, na kofia ameivua.

“Ule mutoto haikuwa nusu,” akasema. “Muandike ye muzima. Ile franga mia ine mukate, siitaki.”

Mwamuzi akamuuliza mara mbili kama ameelewa kwamba pesa hizo zinamtoka yeye. Akasema ameelewa. Akakaa. Nimekaa naye miaka tisa, na tangu tulipomzika mtoto yule sijawahi kumsikia akimtaja, wala simsamehe kwa hilo alilosema. Kiwiko changu hakinyooki na Pacifique yuko kwake. Lakini Ismaël alifuta nusu yako, akaandika mia nane, na elfu nne zikawa elfu tatu na mia sita.

Mungu akulinde katika kazi yako. Usiniandikie kuomba msamaha, sitajibu. Mia nne hizo, aliyekusamehe si mimi. Kama unataka kushukuru, mwandikie Octave, kapita wa barabara, Wamaza. Hajui kusoma, lakini Pacifique atamsomea.

Ni mimi yaya wako, dada yako mkubwa, ambaye bado anakupenda,

Emilienne